Kinu Kisichochagua Upande

Haupiti msimu wa kusi ila huja kwangu mtu, aghalabu kijana wa chuo cha ufundi au mwenye shamba aliyechoka kununua mafuta ya pampu, akiwa na mchoro ule ule mkononi: pipa la mafuta la lita 200 limepasuliwa katikati kwa urefu wake, nusu zake mbili zimesogezwa kando hata zikafanya umbo la herufi S, zimesimamishwa katika mhimili wa wima, na pembeni mwa mchoro yameandikwa kwa furaha maneno kwamba chombo hiki hupokea upepo kutoka pande zote. Humkaribisha, tukanywa kahawa, nikautazama mchoro kwa heshima, kwa kuwa fikra yake ni nzuri na nasaba yake ni ndefu. Kisha humwambia neno ambalo leo nataka kuliandika kwa urefu, lisibaki kuwa neno la barazani tu. Kutochagua upande ni fadhila yenye gharama. Sifa hiyo moja, ambayo kwayo chombo hiki, yaani rota ya Savonius, hupendwa, ndiyo inayoifanya iwe mtumishi dhaifu katika upepo, na ndiyo iliyoifanya, ilipotumbukizwa baharini kupima mikondo, iwe shahidi anayesema yasiyokuwa bila ya kukusudia. Sisemi kwamba haifai. Nasema kwamba imepewa kazi zisizo zake, na zile zilizo zake kwa haki imenyimwa.

Asili yake yafaa ielezwe, kwa sababu ndani ya asili hiyo umo ufunguo wa tabia yake. Mwenye kuibuni ni Mfini, Sigurd Savonius, katika miaka ya 1920, wakati ambapo Ulaya yote ilikuwa ikizungumza habari za Mjerumani Anton Flettner, aliyeondoa matanga katika merikebu iitwayo Buckau na kusimamisha mahali pake minara miwili ya chuma, ya mviringo na laini, iliyozungushwa kwa mtambo. Upepo ulipoipiga ubavuni hali inazunguka, ilizaa msukumo wa kukipeleka chombo mbele, na mwaka 1926 merikebu hiyo, ikiwa na jina jipya la Baden-Baden, ilivuka Atlantiki hadi New York. Savonius akajiuliza kwa nini mnara wa namna ile uhitaji mtambo wa kuuzungusha, ilhali upepo upo. Akaupasua kwa urefu, akazisogeza nusu zake, na mnara ukazunguka wenyewe. Hati yake ya haki ya uvumbuzi huko Marekani ilitoka mwaka 1929.

Anayetaka kuielewa kanuni yake hana haja ya kitabu. Na achukue kifuu cha nazi, aingie majini hadi magotini mahali ambapo maji yanayokupwa yanavuta, akishike kwa vidole viwili, mdomo wake umeelekea kule maji yanakotoka. Atahisi kinavutwa kwa nguvu hata kiganja kinaelemewa. Akigeuze sasa, mgongo uyapokee maji: yatateleza kandokando, na ule mvuto utapungua sana. Nusu mbili za pipa ni vifuu viwili vilivyofungwa katika mhimili mmoja. Wakati kimoja kinapoupokea upepo kwa tumbo na kusukumwa, kingine kinarudi kikiukabili upepo huo huo kwa mgongo na kuupinga. Faida yote ni tofauti iliyopo baina ya msukumo wa tumbo na upinzani wa mgongo, na katika umbo la nusu pipa upinzani huo ni karibu nusu ya msukumo. Savonius aliipunguza hasara hiyo kwa ujanja mmoja wa kusifiwa: aliziacha nusu mbili zipishane kidogo katikati, ili upepo ulioingia katika tumbo la kwanza upenye na kwenda kuisukuma kwa ndani ile nusu inayorudi. Majaribio yaliyofanywa katika handaki la upepo na maabara ya Sandia, Marekani, mwaka 1977, yalithibitisha kwamba nusu mbili ni bora kuliko tatu, na kwamba mpishano unaofaa ni asilimia 10 hadi 15 ya upana wa nusu moja. Naona haja ya kulitaja hilo, kwani michoro mingi niletewayo ina nusu tatu, hata nne, kwa dhana kwamba matumbo mengi hushika upepo mwingi. Kumbe kila nusu inayoongezwa huwazibia njia wenzake.

Hata hivyo ujanja ule haukuiondoa sheria. Kitu kinachosukumwa na upepo hakiwezi kuukimbia upepo unaokisukuma, na kila nahodha anayajua haya bila ya kufundishwa: chombo kilichofungua tanga mbele ya upepo, upepo ukiwa tezini, huenda polepole kuliko upepo, lakini ngalawa nyepesi inayoupokea upepo ubavuni hukata maji kwa kasi ya kushangaza, kwa sababu tanga lake halisukumwi tu, bali linakata upepo kama bawa la ndege. Panga za rafadha ni matanga ya namna hii ya pili. Ncha zake huenda mara sita au saba kuliko kasi ya upepo, ndiyo maana panga tatu nyembamba hulinda duara zima la hewa. Ilhali ukingo wa rota ya Savonius, ikifanya kazi yake bora kabisa, huenda kwa kasi isiyozidi ya upepo wenyewe, na mara nyingi ni pungufu yake. Albert Betz, Mjerumani, alionyesha mwaka 1920 kwamba hakuna kinu kiwezacho kutwaa zaidi ya asilimia 59 ya nguvu za upepo uliopita katika eneo lake, kwa kuwa upepo ukitwaliwa wote utasimama nyuma ya kinu na kuuzibia njia ule unaokuja. Vinu vikubwa vya leo vyenye panga tatu hupita asilimia 40. Pampu za upepo zenye panga nyingi, zile za mashamba ya zamani, hukaribia 30. Savonius mwenyewe alitangaza 31 kwa rota yake, na wapimaji waliomfuata, wakiwa na rota iliyotengenezwa kwa uangalifu mkubwa, walipata 20 hadi 25. Pipa la fundi wa kijijini, lenye mikunjo na beringi iliyotolewa katika gari bovu, nikilihesabia 15 nimelifanyia insafu.

Natufanye hesabu hiyo mezani, kwa kuwa hesabu haina upendeleo. Mapipa mawili yakipasuliwa na kusimamishwa moja juu ya jingine, yamekatana kwa robo ya mzunguko ili rota isikwame popote, hupata upana wa mita 1 na kimo cha mita 1.76, yaani eneo la karibu mita 1.8 za mraba. Upepo wa mita 5 kwa sekunde, ambao ni upepo mwema wa pwani, hubeba kiasi cha wati 73 katika kila mita ya mraba. Jumla ni wati 131, na asilimia 15 yake ni wati 20 tu katika mhimili. Pampu na viungo vyake vikila nusu, hubaki wati 10, nazo zaweza kupandisha lita 360 za maji kwa saa kutoka kisima cha mita 10. Hilo si jambo la kudharau kwa bustani ya mchicha na mbuzi watano. Lakini mtu mzima akivuta pampu kwa mkono hutoa wati 50 bila ya kuhema sana, na yule kijana wa mchoro hakuja kwangu kwa habari za mchicha. Alikuja kutaka umeme wa nyumba nne. Katika upepo ule ule rota yake itazunguka mara 75 kwa dakika, ilhali dainamo ya gari haianzi kutoa umeme wa maana kabla ya mizunguko elfu na kitu. Atalazimika kuweka mikanda na magurudumu ya kuzidisha mwendo, na kila mkanda utadai sehemu yake katika zile wati 20. Tena ametumia zaidi ya mita 3 za mraba za bati kukinga eneo la upepo lisilofika mita 2, jambo ambalo rafadha hulifanya kwa mbao tatu nyembamba.

Hapo ndipo huja hoja kubwa, na husemwa kwa uhakika kabisa: lakini mzee, hii hupokea upepo wa pande zote. Ni kweli. Nami huuliza: ni wapi duniani ambako sifa hiyo ina haja ndogo kuliko pwani yetu? Tumeishi karne nyingi kwa pepo mbili zinazojua njia zake. Kaskazi ilileta majahazi kutoka Maskati na Bara Hindi, kusi ikayarudisha, na biashara yote ya mwambao ilisimama juu ya yakini kwamba upepo hautabadili nia katikati ya msimu. Ukiondoa maleleji, ile tanga mbili baina ya misimu, na umande wa usiku na matlai ya asubuhi, upepo wetu ni mwaminifu wa upande kuliko pepo nyingi za ulimwengu. Kinu cha rafadha chenye mkia wa bati nyuma yake hujigeuza chenyewe kuelekea upepo, na katika nchi ambayo upepo hugeuka mara mbili kwa mwaka, kazi ya mkia huo ni nyepesi mno. Kuacha zaidi ya nusu ya nguvu ili uokoe mkia wa bati ni biashara ambayo mfanyabiashara yeyote wa Darajani angeikataa.

Na tarikhi nayo inatoa ushahidi ambao wengi huusoma kinyume. Huambiwa kwamba vinu vya kwanza vya upepo vilikuwa vya mhimili wa wima, nayo ni kweli. Al-Masudi, yule msafiri wa Baghdad aliyefika pwani yetu katika kisiwa alichokiita Qanbalu, ambacho wengi hukidhania kuwa Pemba, na akakiacha kwa mara ya mwisho mwaka 304 wa Hijra, aliandika pia habari za Sijistan, nchi ya upepo na mchanga, ambako watu waliufanya upepo uzungushe vinu. Vinu vya jamii hiyo vingali vimesimama hadi leo katika mji wa Nashtifan, Iran, na mwenye kuvitazama na avitazame vizuri: mhimili ni wa wima, panga ni za mbao, lakini pande zote zimezungukwa na kuta nene za udongo, na upepo huachiwa mlango mmoja mwembamba, upande mmoja tu, ili uzipige panga zinazokwenda na usiziguse zinazorudi. Mafundi wale walijua kwamba katika nchi yao upepo huvuma upande mmoja kwa siku 120 za kiangazi. Kwa hiyo wakauziba ule upande wenye hasara. Kinu cha wima cha kale, basi, kilichagua upande. Kilichaguliwa na ukuta. Kisa hiki msomaji akiweke akilini, kwa kuwa nitakirudia nitakapofika baharini.

Hoja ya pili ni kwamba rota hii huanza kuzunguka kwa upepo mdogo. Hilo nalo ni kweli, na ndilo linalodanganya kuliko yote, kwa sababu jicho huona mwendo likadhani ni kazi. Nguvu za upepo hufuata kasi yake ikizidishwa mara tatu kwa nafsi yake: upepo ukipungua kutoka mita 5 hadi 3, zile wati 20 huwa 4, ukipanda hadi 10, huwa 160. Kwa hiyo karibu hazina yote ya mwaka imo katika saa za upepo wa nguvu, na kinu kinachojisifu kwa saa za upepo dhaifu kinajisifu kwa senti zilizobaki mfukoni. Katika zile saa za nguvu, kwa bahati mbaya, pipa huwa ni msiba, kwa kuwa halina namna ya kujikunja au kujigeuzia ubavu kama kinu chenye mkia. Eneo lake lote hubaki wazi mbele ya dhoruba, na fundi asiyeweka breki atalikuta pipa lake shambani kwa jirani.

Niliwahi kuitwa kuitazama rota iliyowekwa juu ya paa la nyumba moja ya ghorofa, katikati ya minazi, ambayo mwenyewe aliambiwa na muuzaji kwamba ingewasha taa zote. Nilipanda asubuhi, matlai yakivuma. Pipa lilikuwa limepakwa rangi ya kijani kwa ndani, kazi safi, na lilikuwa likizunguka. Lakini lilizunguka kwa kusitasita, likaenda kasi, likalegea, likasimama kitambo kana kwamba linasikiliza, likaanza tena, kwa maana upepo uliolifikia ulikuwa umekwisha vurugwa na makuti na ukingo wa paa. Nilipoweka kiganja juu ya nguzo nilihisi mtetemo ukishuka hadi ukutani, na beringi ya chini, inayobeba uzito wote, ilikuwa imelika upande mmoja hata mhimili ukawa unayumba kwa upana wa kidole. Mama wa nyumba akaniambia kwamba watoto hawalali chumba cha juu kwa sababu ya mlio. Katika sanduku la betri palikuwa na umeme usiotosha kuwasha balbu moja hadi saa nne za usiku. Hakuna aliyefanya uovu pale. Muuzaji, nadhani, aliyaamini aliyoyasema. Kilichokosekana ni mtu mmoja wa kupandisha kipimo cha upepo juu ya nguzo kabla ya kununua bati.

Wapo watakaoniuliza habari za jamii nyingine ya mhimili wa wima, ile ya Mfaransa Georges Darrieus, aliyoibuni katika miaka hiyo hiyo ya 1920, yenye panga nyembamba zilizopindwa kama upinde. Hiyo ni nyingine kabisa. Panga zake hukata upepo kama matanga ya ngalawa, na nguvu zake hukaribia za rafadha. Lakini aghalabu haiwezi kuanza yenyewe, na uzito wake wote hukaa juu ya beringi moja ya chini. Mnara wa Éole uliojengwa Cap-Chat, Quebec, wenye kimo cha mita 110, ulifanya kazi miaka michache tu ukasimama mwaka 1993, nayo ni beringi ya chini iliyoushinda. Kule Turkana, nchini Kenya, ambako upepo wa kusini mashariki hupita katika bonde kana kwamba umechimbiwa mfereji, wamesimamisha vinu 365, na vyote ni vya panga tatu na mhimili wa kulala.

Sasa tushuke baharini, kwa kuwa huko ndiko kisa hiki kina uzito ambao watu wachache wanaujua. Mwanzoni mwa karne iliyopita Vagn Walfrid Ekman, bingwa wa Kiswidi, alitengeneza kipimo cha mkondo chenye rafadha ndogo; kila baada ya mizunguko kadhaa kilidondosha kijigololi cha shaba, ambacho kiliteleza juu ya sindano ya dira na kuangukia katika kimoja cha vyumba 36, na mpimaji alipokipandisha chomboni alihesabu vigololi na kujua maji yalikwenda wapi na kwa kasi gani. Kipimo kile kilichagua upande, lakini kilitaka mtu akae juu ya merikebu akikishusha na kukipandisha. Katika miaka ya 1960 vilihitajika vipimo vya kuachwa chini ya bahari kwa miezi, vimefungwa katika kamba ya nanga. Na wahandisi, wa Woods Hole huko Marekani na Ivar Aanderaa huko Bergen, Norwe, waliichukua rota ya Savonius.

Ukiwahi kukifungua kipimo cha Aanderaa cha aina hiyo, utawapenda waliokitengeneza. Rota yake ni ya plastiki, nyepesi kiasi kwamba pumzi ya mtu huizungusha. Imebeba sumaku, na ndani ya bomba la chuma kuna kiungo kinachohisi sumaku ile ikipita, ili mizunguko ihesabiwe bila ya tundu hata moja la kupitisha mhimili, na shinikizo la maji lisipate pa kupenyea. Nyuma kipimo kina usukani mpana wa kukigeuza kielekee mkondo, na ndani imo dira. Kila baada ya muda uliopangwa, dakika 10 mathalani, hesabu ya mizunguko yote huandikwa katika utepe wa sumaku, na pamoja nayo huandikwa upande ambao dira inauonyesha dakika ile. Katika kina cha mita mia tano au elfu, ambako maji huenda kwa utulivu, chombo hiki ni mwaminifu, na sehemu kubwa ya tunayoyajua juu ya mikondo ya vilindi vya dunia ilipatikana kwacho. Mkono wangu hauwezi kuandika neno la kukivunjia heshima.

Lakini kilipopandishwa karibu na uso wa bahari, ile sifa yake ya kutochagua ikageuka kuwa taksiri. Wimbi halipeleki maji mbele. Hupita juu yake, na maji huenda na kurudi mahali pale pale. Rota isiyojua kwenda na kurudi huzunguka upande ule ule kwa yote mawili. Mfikirie mtoto katika bembea, na mfikirie mtu amehesabu kila hatua ya bembea, ya mbele na ya nyuma, akazijumlisha zote kuwa safari. Jioni atakuambia mtoto amekwisha fika Bagamoyo. Chukua wimbi la kawaida, kimo chake mita 1, linalopita kila baada ya sekunde 7: maji ya juu yataenda na kurudi kwa wastani wa sentimita 28 kwa sekunde, na rota iliyotundikwa pale, katika bahari isiyo na mkondo kabisa, ingeandika kwamba kwa siku moja maji yamesafiri kilomita 24. Usukani wake mpana hauwezi kugeuka kila sekunde tatu na nusu, kwa hiyo hubaki umeelekea upande mmoja, na safari yote ile ya uongo huandikwa upande huo. Ongeza kwa hayo mrama wa boya linaloivuta kamba juu na chini, na tabia ya rota kushika mwendo haraka kuliko inavyouacha, na utaelewa kwa nini wapimaji waliotundika vipimo viwili vya jamii tofauti katika kamba moja walipata mikondo miwili.

Dawa yake ilitafutwa kwa miaka mingi, na njia zilizopatikana zinanifurahisha kila nikizikumbuka. Kwanza, Woods Hole walibakiza rota ile ile lakini wakaipa kijisukani chepesi na mtambo wa hesabu, ili kila sehemu ndogo ya mzunguko ijumlishwe pamoja na upande wake, kwenda kuwe kujumlisha na kurudi kuwe kutoa. Kisha Robert Weller na Russ Davis, mwaka 1980, wakaonyesha kipimo chenye rafadha mbili zilizokatana, moja ya upande huu na nyingine ya upande ule, ambazo maji yakirudi nazo hurudi nyuma. Na Aanderaa, katika vipimo vyake vya baadaye, aliiacha herufi S, akaweka gurudumu dogo la makasia lililofunikwa nusu yake kwa kikingo, ili maji yapige upande unaokwenda na yasiuguse unaorudi. Ni ukuta wa udongo wa Sijistan ndani ya maji ya chumvi! Siamini kwamba aliufikiria; lakini tatizo ni moja, na akili ya fundi mwema, awe wa karne ya kumi au ya ishirini, hufika katika kikingo kile kile.

Kwa nini haya yatushughulishe sisi? Kwa sababu mkondo wa pwani yetu, unaokwenda kaskazini mwaka mzima mbele ya Tanzania, wenye nguvu nyingi wakati wa kusi na kulegea wakati wa kaskazi, pamoja na maji yanayojaa na kupwa kwa bamvua katika mikono ya bahari ya Unguja na Pemba, ndio unaoamua uchafu wa miji utakwenda wapi, mwani utastawi wapi, na mafuta yakimwagika yatafika ufuo wa nani. Mhandisi apangaye bomba la maji machafu akisoma kipimo kilichotundikwa juu sana, akaamini kwamba bahari inasafisha kilomita 24 kwa siku ilhali inasafisha tano, atatoa bomba mahali ambapo uchafu utarudi kwa watoto wanaooga. Na wakati mwingine kosa huwa la upande wa pili: rota iliyoachwa miezi mingi katika maji yetu ya uvuguvugu huota mwani na wale viumbe wenye magamba wanaogandamana na ubavu wa jahazi lisilopakwa deheni, ikawa nzito, ikasimama, na daftari likaonyesha bahari iliyolala.

Kwa hiyo nayasema ninayoyataka. Rota ya Savonius ipewe kazi zake: kupandisha maji machache kutoka kisima kifupi, mahali palipo na mapipa na mafundi lakini hapana fedha; kuianzisha rota ya Darrieus isiyoweza kuamka yenyewe; kuvuta joto katika paa la ghala au gari la kubebea samaki, kazi ambayo kikofia cha Flettner, mtoto wa rota hii, huifanya vizuri sana; na kupima mikondo ya vilindi. Ifundishwe vyuoni, kwani hakuna chombo kinachofundisha vizuri kuliko hiki tofauti ya kusukumwa na kukata. Lakini mwanafunzi apimiwe wati, asisifiwe kwa mizunguko. Mwenye kutaka umeme wa nyumba na anunue kibao cha jua, au kinu cha rafadha chenye mkia juu ya nguzo ndefu mbali na minazi. Wasimamizi wa takwimu za bahari nao wasiandike kasi ya mkondo bila ya kuandika kando yake aina ya kipimo, kina chake, na hali ya mawimbi ya siku zile; na vitabu vya zamani vyenye namba za juu ya bahari zilizopimwa kwa rota hii visomwe upya kwa hadhari, visitupwe.

Wala hata kipimo cha upepo kisiaminiwe kwa sura. Thomas Romney Robinson wa Armagh, aliyetengeneza kipimo cha vikombe mwaka 1846, aliamini kwamba vikombe siku zote huenda kwa theluthi ya kasi ya upepo, viwe vikubwa au vidogo, mikono yake iwe mirefu au mifupi. Alikosea, na kosa lake lilikaa katika madaftari ya hali ya hewa kwa miaka mingi kabla ya kusahihishwa. Kila kipimo kilinganishwe na kingine kinachojulikana, kabla ya kutumika na baada yake.

Nawe kijana uliyeniletea mchoro mwezi uliopita, pipa lako usilipasue bado. Simamisha nguzo ya mita 10 pale shambani, uweke juu yake vikombe vitatu na mkia wa kuonyesha upande, uandike asubuhi, adhuhuri, alasiri na usiku, tangu kusi hii hadi kusi ijayo, bila ya kuruka siku za maleleji. Daftari likijaa, njoo nalo tulifungue pamoja.